Kisiwa cha Mawese

Milima kwanza. Siku zote milima kwanza,
maana mto usiojua unakotoka
huwafanya wachezaji wakucheke.
Nilishachekwa: mwaka jana nilichora ziwa
lenye midomo miwili, mmoja kaskazini, mwingine kusini,
na Bukuru, fundi bomba wa Katubuka,
akaweka dadu chini, akaniuliza taratibu,
"Haya maji yako, dada, yana vichwa vingapi?"

Nachorea nyuma ya kalenda za miaka iliyokwisha,
karatasi nzito, bado zinanuka gundi ya dukani.
Nazichovya kwenye chai ya rangi, naanika uani
kati ya kanga na sare za shule,
na mama mwenye nyumba kila Jumamosi huuliza
nafua nini chenye milima.

Majina ndiyo yanayonikesha.
Bonde la Asiyeaga. Mlango wa Chumvi.
Msitu wa Nusu Bei: huo aliubatiza Bitaliho
wiki aliyouza simu yake.
Mji mmoja sijaupa jina hadi leo,
tunauita "pale, penye kifutio,"
na watu wamekwisha kufia pale.

Usiku ule Mwanga yote ilikuwa giza.
Tulikula juu ya meza ileile ya mchezo,
ugali wa muhogo, migebuka,
tochi ya simu imeegemea bilauri.
Mkono wa Butoyi, pacha wa Bukuru, ukateleza.
Tone la mawese likadondoka magharibi,
katikati ya bahari niliyoipaka siku tatu.

Hakuna aliyetafuna.
Mafuta hayaombi ruhusa. Yakatambaa,
yakajichongea ghuba, rasi,
mkia mwembamba upande wa kusini
ambao mkono wangu usingeuthubutu.
Nikachukua kalamu, nikauzungushia ukingo.
"Kisiwa," nikasema.
"Kina nini?"
"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyekigundua."

Akashuka huko peke yake na mhusika wake,
mwizi wa kengele, upinde mmoja, mkate nusu.
Tukasema tutaendelea Jumamosi.
Jumamosi alikuwa kwenye treni,
kazi ya uuguzi imepatikana Mpanda,
ndoo, godoro, na beseni la dagaa wa kupeleka.

Bukuru humrushia dadu.
La pande ishirini, kwa mkono wa kushoto,
kwa kuwa Butoyi ni wa mashoto.
Hutazama namba, hatuambii,
hulirudisha kwenye kopo la Blue Band.
Siku moja nilimwona anapima kwa kidole
kutoka bandarini hadi kisiwani.
Skeli yangu: kidole kimoja, mwendo wa siku mbili.
Kidole chake kinene. Sikumsahihisha.

Wiki iliyopita nikaipeleka ramani kazini,
nikaitoa kopi kabla bosi hajafika,
nimtumie Butoyi kwa mkono wa mtu wa treni.
Karatasi iliyolowa mafuta mashine haiielewi:
milima ilitoka, mito ikatoka,
hata alama ya kikombe ikatoka,
kisiwa kikatoka cheusi tii.
Nikasema potelea mbali, nikaikunja.

Jana usiku, saa tano kasoro, ujumbe:
*Kumbe huku ni usiku?*

Nikaamka, nikatafuta kalamu.
Nikamjibu: *Ni usiku, ndiyo.
Una kiberiti?*
Na simu ikakaa kimya muda mrefu,
kama mtu anayepapasa mifukoni.