Nakala ya Machi

Saa tisa za usiku, Akureyri.
Theluji imeziba nusu ya dirisha
na Steinvör anakunywa kahawa iliyokwisha poa
mbele ya skrini mbili:
kushoto seva ya kazi, ile ya kweli,
kulia seva ya majaribio,
mahali pa kukosea bila kuumiza mtu.

Ofisi ya makaburi iliomba kitu kidogo tu,
ramani mpya, kila kaburi na nambari yake.
Chukua nakala ya kushoto, imwage kulia, ujaribu huko.
Kazi ya nusu saa,
alisema Dagbjartur jana saa kumi jioni
akifunga zipu ya koti.

Kwanza matoleo hayakupatana:
seva ya kulia ni kongwe, haielewi mdogo wake anasema nini.
Akaipandisha daraja.
Kisha diski ikajaa.
Akafuta picha za sherehe ya Krismasi ya mwaka juzi,
keki, kofia nyekundu, Dagbjartur amesinzia mezani.
Kisha ikaingia, asilimia mia,
ila herufi zilikuwa zimefia njiani:
Þórður akawa ??r?ur,
Ásgerður akawa ?sger?ur,
safu nzima ya marehemu ikiuliza, ikiuliza,
kana kwamba wamefika ng'ambo
na bawabu kawataka majina
nao wameyasahau.

Akarekebisha usimbaji. Akarudia.
Majina yakarudi na masikio yake na mikia yake.
Ndipo akahesabu, kwa mazoea tu,
kama mtu anayegusa mfuko kuona ufunguo upo.
Kushoto: 9,128.
Kulia: 9,010.

Akiba haiozi, twasema.
Haiozi, kweli. Lakini yaweza kusimama.
Mwezi wa tatu nywila fulani iliisha muda wake,
hatua ya kwanza ikashindwa bila kelele,
hatua ya pili ikakuta faili la zamani limelala pale
ikalibeba, ikalipa tarehe mpya,
ikaandika kwenye kumbukumbu: imefanikiwa.
Kila usiku. Imefanikiwa.
Wiki arobaini
kati ya mji huu na usahaulifu
palikuwa na diski moja tu, ya kushoto,
nayo ilikuwa na joto.

Hakupiga kelele. Angempigia nani?
Akaandika, upande wa kulia,
jina la mama wa baba yake, Hallfríður,
aliyezikwa Agosti, mvua ikinyesha.

Hakuna rekodi.

Hayumo kaburini.
Basi yuko jikoni, anamenya viazi,
redio juu kupita kiasi,
anauliza ukutani mbona Steinvör hajapita wiki hii.

Amri ni ileile kwa madirisha yote mawili.
Ukikosea dirisha
Machi itamwagika juu ya Desemba
na watu mia moja na kumi na wanane
watatoka ardhini pasipo mtu kuwaita.
Kielekezi kikapepesa. Kikapepesa.
Akaondoa mikono kwenye kibodi
akaikalia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Kisha nywila mpya. Nakala mpya kutoka kushoto,
ya leo, nzito inavyostahili.
Akasoma jina la seva kwa sauti, mara tatu,
ndipo akabonyeza.

Dakika kumi na saba.
9,128 kwa 9,128.
Hallfríður, safu ya H, nambari 31.
Amefika.

Nje gari la kufagia theluji linapita
na taa yake ya rangi ya chungwa inazunguka dari.
Utaratibu unasema faili bovu lifutwe.
Steinvör analipa jina jingine,
analisogeza pembeni, mbali na mtambo wa usiku,
na pale panapotakiwa sababu
anaandika: tahadhari.