Gogo la Mtego

Asubuhi, Shume. Ukungu haujaamua uende wapi.
Nimepiga magoti safu ya saba,
naufukua mche shingo kwa kidole gumba
kama anayemtazama mtoto koo.
Mstari upo. Mwembamba, umezunguka
kama ushanga usiojulikana nani kauvisha.
Juu, sindano bado kijani.
Mche haujui kwamba umekufa.

Mia mbili na kumi na saba, naandika
kwenye daftari la mwanangu,
nyuma ya jedwali la mara tisa.

Tulikata misonobari mikubwa mwezi wa Juni.
Malori yakashuka Mombo na magogo,
yakatuachia visiki vinavyovuja utomvu
na harufu ile tamu. Sisi tuliiita harufu ya mshahara.
Kumbe na wengine wameinusa.
Dumuzi wamekuja usiku, wadogo kama punje ya mchele,
weusi kama masizi ya chungu,
wakafungua milango, wakatandika, wakazaa.
Wahenga walisema nguoni; huku kwetu
kikulacho ki gomeni.

Bwana Shekiondo wa ofisini alitaka tupande upesi:
mvua za vuli hazimsubiri mtu.
Nikamwambia visiki vingali vibichi, tungoje mwaka.
Akacheka.
Nami nikapanda. Hilo silifichi,
mikono iliyopanda ni hii hii.

Leo tunafanya kazi ya kinyume.
Makaguo anachuna visiki kwa shoka butu,
gome linatoka kwa mlio wa kanga kuchanika,
na chini yake njia zao, zimejipinda, zimepandana:
mwandiko ambao hakuna aliyefundishwa kuusoma
na wote tunauelewa.

Mimi nachagua gogo bichi, zuri,
nalilaza kati ya safu, gome chini,
nanong'ona: karibuni, wageni.
Siku ya nane nitaligeuza.
Siku ya nane nitakuja na kiberiti.

Siipendi kazi hii ya kukaribisha ili niue.
Nyumbani kwetu mgeni hupewa bada
kabla hajaulizwa jina.

Lakini safu ya kumi na mbili, mche mmoja
nimeufukua shingo: nzima, laini.
Nimeukwaruza kidogo, ukanionyesha kijani kibichi,
chenye unyevu, kama ndani ya mdomo.
Nikaurudishia udongo, nikashindilia kwa kiganja.
Nikataka kukwaruza tena, nihakikishe.
Nikajizuia.
Hata ukucha ni jino.