Dawa ya Sisimizi

Masika yalipokolea Msaranga
waliingia kwa ufa wa dirisha la jiko,
wembamba kama uzi wa cherehani,
wakapita nyuma ya mtungi wa gesi,
wakapanda mguu wa meza
mpaka kwenye bakuli la sukari.
Siku ya kwanza sikuwaua. Niliwapuliza tu, fuu,
kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

Siku ya tatu nikatangaza vita.

Mama Aikande akasema: siki.
Changanya na maji, nusu kwa nusu, ufute njia yao,
maana wanatembea kwa harufu, macho yao ya pambo.
Nikafuta. Jiko likanuka kachumbari wiki nzima.
Bi Rukia wa Njoro akacheka mpaka akashika kiuno:
siki ni ya saladi, mwanangu, weka karafuu.
Nikazipanga dirishani, moja moja, kama askari wa gwaride.
Wakazizunguka.
Muuza mkaa akanipa majivu, bure.
Mwalimu wa darasa la pili akaniletea vipande vya chaki:
chora mstari, hawavuki.
Nikachora. Kweli walisimama,
wakanusa, wakashauriana kwa vipapasio,
halafu mmoja, mtundu, akapaona mkono wangu ulipotetemeka
na mstari ukakatika, upana wa punje ya ulezi.
Hapo ndipo walipopita wote.

Eliafoo alikuwa kibarazani na kikombe chake
(vijiko vinne, na cha tano akidhani sioni).
Akasema: waache, mwanamke, nao wana watoto.
Kisha akaomba maji.
Kisha maji tena.

Mwisho nilisaga pilipili manga, nikakamua ndimu,
nikakoroga sabuni ya unga kwenye maji ya moto,
sukari nikaifungia kwenye kopo la kifuniko cha kubana,
na kopo nikalisimamisha ndani ya sahani ya maji,
kisiwa.
Asubuhi jikoni hakukuwa na sisimizi
hata wa dawa.
Nikapika kiburu. Nikampigia Mama Aikande simu kujigamba.

Jumamosi nikaenda kudeki choo cha uani,
nao hawa hapa.
Msururu uleule, unatoka chini ya mgomba,
unapanda ndala za Eliafoo, unashuka,
unajikusanya kwenye ukingo wa saruji
pale anaposimama yeye usiku
mara tatu, mara nne, tochi mkononi.
Chupa ya siki nilikuwa nayo.
Sikunyunyiza.
Nilichuchumaa nikawatazama wanakula,
wanakula nini, kwenye saruji tupu?
Nikaanza kuhesabu. Jagi la maji kando ya kitanda.
Suruali ya Jumapili inayoning'inia kama ya kuazima.
Mkanda alioutoboa tundu jipya kwa msumari,
mwezi uliopita, akipiga mluzi.

Hospitalini nesi akamchoma kidole,
akasoma kimashine, akakipangusa, akasoma tena.
Akauliza, mzee, nani kakushauri uje kupima?
Eliafoo akanigeukia. Nikatazama sakafu.
Majirani, nikasema.

Sasa chai yake anainywa kavu, amefumba jicho moja
kama anayelenga ndege kwa manati.
Siki imerudi kwenye kachumbari,
chaki zimerudi shule.
Na kila Jumamosi, kabla sijamwaga maji chooni,
nachuchumaa kwanza.

Juzi nilimkuta mmoja. Mmoja tu,
anazungukazunguka kama mgeni aliyepotea mtaa.
Nikarudi ndani, ndoo mkononi.
Eliafoo, jana ulipitia wapi?
Akakohoa. Akatafuta miwani aliyokuwa ameivaa.
Msibani, akasema, kwa akina Ndewirwa.
Walinilazimisha soda.