Kasuku, kwa karibu sana

Lensi niliinunua kwa daktari wa meno
aliyekuwa akifunga kliniki yake kule Kamalondo.
Miaka kumi na mmoja ilikuwa ikipiga picha za magego.
Leo iko Katuba, sebuleni, chini kwenye mkeka,
inamtafuta paka.

Jina lake Kasuku, kwa sababu ya maneno mengi.
Hulia asubuhi, hulia umeme ukikatika,
hulia ukirudi, utadhani bili analipa yeye.
Ila nikimsogelea na kioo hiki
ananyamaza, ananusa, anakigusa kwa pua,
na picha ya kwanza ni ukungu tu wa pumzi yake.

Ya pili, sharubu. Moja tu, imesimama
kama waya wa redio. Nyuma yake paka mzima
ameyeyuka.
Ya tatu, vumbi. Sikujua
kwamba kila unywele umebeba vumbi lake jekundu,
kwamba barabara yetu nzima hulala mgongoni mwake
na usiku hupanda naye kitandani kwangu.

Huku umbali ni unene wa punje ya mchele.
Nikipumua, jicho linapotea.
Nikibana pumzi, anapumua yeye.

"Lete nimshike," anasema Baba.
Baba, ambaye miaka thelathini, maabara ya mgodini,
aliinamia mawe na kikuza chake kimebanwa jichoni,
akitaja asilimia: tatu; nane; hili tupa.
Jioni alirudi amechoka kutazama.
Sasa macho yake yana wingu.
Anampapasa Kasuku, anamtia kidole chini ya kidevu,
anamgeuza kwenye mwanga kama sampuli.

Nikapiga.

Jicho likajaa kioo cha kamera: kijani cha malakiti,
mistari juu ya mistari, ukingoni manjano kidogo,
na katikati ule ufa mweusi, wima.
"Unaona nini?"
"Malakiti, Baba."
"Asilimia ngapi?"

Nakuza picha nimjibu.
Mle ndani, kwenye unyevu wa jicho, mna dirisha,
mna mimi, sina kichwa, nina kamera,
na kando yangu uso wa mzee ulioinama kuja kuona,
mdomo wazi kidogo,
karibu kuliko alivyowahi kuinama
kwa yeyote kati yetu tuliokuwa si mawe.

"Asilimia ngapi?"

Kasuku ameshajiponyoa, yuko mlangoni, analia afunguliwe.
"Subiri," namwambia Baba.
"Bado napima."