Tofali Lililoshiba

Kapend alinileta Kamalondo na nyundo ya kilo nane.
Fundi, bomoa, alisema. Nataka ghorofa,
vioo vya buluu, mashine ya baridi kwa Oktoba,
na nyingine ya joto kwa Julai.
Dola za Kolwezi zilimvimba mfukoni.

Mama yake alikuwa kizingitini akichambua sombe.
Hakuinua kichwa.
"Iulize kwanza nyumba imekosa nini."

Nikaiuliza jinsi fundi anavyouliza,
kwa kifundo cha kidole, ukutani.
Ikajibu kwa sauti nzito, ya kitu kilichoshiba.

Nilianza kazi tanurini, njia ya Kipushi.
Nimelisha moto siku tatu bila kulala,
nimeona miyombo mirefu ikiingia mzima mzima
na kutoka matofali.
Hili la Mwadi lilikula mti wake
kabla sijazaliwa. Deni limelipwa.
Jipya litadai mti mwingine,
na miti sasa iko mbali, tunaifuata kwa lori.

Ugonjwa niliukuta darini:
bati uchi, anga juu yake.
Joto la mbabula lilipanda usiku, likatoka
bila kuaga.
Dirisha lilitazama kusini-mashariki
likiukaribisha upepo wa kipupwe kama shemeji,
na kaskazini, jua la Julai linakopita chini chini,
ukuta ulikuwa kipofu.

"Makala kiasi gani, Mama?"
"Kipupwe, magunia mawili kwa mwezi.
Na bado nalala na soksi za marehemu."

Nikamhesabia mwana: matete ya dari,
juu yake udongo wa kichuguu na majani makavu,
unene wa kiganja kilichosimama wima.
Dirisha lihame. Bati lipakwe chokaa, Oktoba isituchome.
Akacheka. "Na watu watakaopita barabarani
wataona nini?"

Kweli, udongo wa darini hauna majivuno.

"Mimi nitaona," alisema Mwadi.
"Nitaona gunia limebaki."

Sitajifanya mtakatifu: ghorofa ingenilipa
karo ya watoto wote wanne.
Wala si kila cha zamani ni cha kutunza.
Jiko la nyuma lilikuwa limepasuka hadi msingi,
hilo nilipiga nyundo tatu tu, likakaa chini.
Tulilisimamisha upya kwa tofali la udongo ulioshindiliwa,
lisiloonja moto.

Kapend alirudi Kolwezi na ramani yake
ameikunja vizuri. Hajaitupa.

Julai nilipita asubuhi, umande bado mweupe majanini.
Mlango ulikuwa umefungwa, moshi hamna.
Nilisimama kidogo, nikiogopa kubisha.
Kisha nikaziona kambani, zimefuliwa, zinakauka:
soksi mbili za mwanamume.