Haja Kubwa

Kila Machi Idwal Prydderch huinama malishoni,
huokota mavi ya kondoo yangali na moto,
huyafunga, huyaandikia namba ya zizi, huyatuma maabara
mayai ya minyoo yakahesabiwe.
Hajapata kuona haya.
Mkono mmoja mavini, wa pili umeshika mkate.

Sasa ni zamu yake.
Wiki ya sita hii tumbo limebadili ratiba:
leo limefunga, kesho linamkimbiza
kabla hajafungua vifungo.
Daktari Nesta Bebb alibonyeza, akauliza, akatoa damu,
kisha akampa bahasha yenye kichupa cha kijani,
na kwenye kifuniko, kijiti chenye mikunjo kama skrubu.
"Chokoa kidogo tu. Jaza mikunjo, usijaze kichupa.
Tunatafuta damu ambayo jicho halioni."

Siku kumi na moja kichupa kilikaa kwenye droo
kati ya betri za tochi na risiti za dawa ya kuogeshea kondoo.
Si kazi iliyomshinda, ni maneno.
Kwa kondoo alikuwa na neno,
kwa mbwa alikuwa na neno,
kwa nafsi yake alikuwa na kikohozi.

Mererid, mkewe, alikiona akitafuta betri.
Hakufoka.
Alikiweka mezani, karibu na chumvi, akauliza:
"Kondoo huyu namba ngapi?"

Kesho yake alfajiri Idwal akatandika gazeti msalani
(ukurasa wa bei za mifugo)
akafanya alichokwisha kuwafanyia viumbe wengine mara elfu,
vidole vikimtetemeka kama mtahiniwa.
Akaandika tarehe.
Akaandika jina lake, lote, kwa herufi kubwa.

Jumatano simu ikalia, yuko zizini.
Nne, daktari akasema. Chini ya kumi.
Idwal akaketi juu ya ndoo.
"Basi sina kitu?"
"Namba si kiapo, Idwal.
Imesema saratani si rahisi kuwapo; haijasema haiwezekani.
Tumbo likiendelea hivi, rudi. Tutatafuta kwingine.
Nne haikufungii mlango wangu."

Ijumaa mnadani, mvua ya Bala ikigonga mabati,
Gethin wa shamba la juu alivuta mkanda wake,
matundu mawili mapya, yametobolewa kwa msumari.
"Uzee," akasema, akacheka.
Idwal akatazama huku na huku.
Akakohoa.
Kisha akasogea karibu, kana kwamba anauliza bei:
"Na choo je?"