Ngozi za Ngoma

Mimi Jahenda, mwalimu mstaafu wa hesabu,
ndiye ninayeshika daftari la kanisa letu
hapa kilimani, juu ya Chavakali:
kushoto kilichoingia, kulia kilichotoka,
mstari mwekundu katikati, umenyooka,
maana rula yangu haikustaafu.

Mwanangu akija kutoka Kisumu na digrii yake
huniuliza kabla uji haujapoa:
"Mama, dini imetupa nini, imetunyang'anya nini?
Piga hesabu. Wewe si mwalimu?"
Basi nikapiga.

Kushoto:
chemchemi ya bondeni, saruji mifuko kumi na miwili;
tangu hapo kipindupindu tunakisikia redioni.
Karo ya Endeki, yatima, mihula saba.
Na Kidiavai, aliyekunywa chang'aa
hadi nusu ya shamba la chai ikahamia kwa jirani:
siku alipovaa kanzu nyeupe
alirudi nyumbani na sukari mkononi,
mkewe akadhani amekosea mlango.
Hilo niliandikeje?
Sukari, kilo moja?

Kulia:
Vugutsa. Miaka mitatu.
Kifua kikibonyea chini ya mbavu
kila alipovuta pumzi,
na hospitali iko Mbale, bodaboda shilingi mia.
Mchungaji alisema dawa ni mlango wa shaka.
Chupa ikamiminwa kwenye mitaro ya chai.
Tukaimba usiku kucha.
Nami niliimba, sauti ya pili,
tena vizuri. Nasema ijulikane.
Kulipokucha ngoma zilibadili mdundo,
na kijiji kizima kikaelewa.

Nikajaribu kutoa.
Mifuko kumi na miwili, toa mtoto mmoja.
Darasani nilikuwa nikiwachapa kwa kosa hilo:
hutoi mbuzi katika viazi.

Sasa sikia la Kageha, mamake.
Nilidhani hatakanyaga tena pale.
Jumapili ya tatu akaja, leso imefungwa kwa kubana,
akaweka shilingi ishirini mezani.
"Kageha, ya nini hii?"
Akanitazama kama aliyeulizwa jina la mkono wake.
"Niliposhindwa hata kushika kikombe cha maji,
nani walimwosha mwanangu?
Nani walimkatia ng'ombe wangu nyasi siku tisa?
Andika."
Kidole chake kilikuwa bado juu ya sarafu.
"Na huyo mchungaji sijamsamehe.
Hilo pia andika."

Daftari halina safu yake.
Niliandika pembeni, kwa penseli.

Tangu siku hiyo mkono wangu umeota tabia.
Februari: ngozi ya ngoma, mia mbili.
(Bintiye Lugadiru, homa, kwenda na kurudi.)
Aprili: ngozi ya ngoma, mia tano.
(Imali, damu haikatiki, saa nane za usiku;
mtoto alizaliwa analia,
mchungaji akamwinua juu, akasema muujiza,
tukajibu amina,
na yangu ndiyo iliyosikika hadi barabarani.)
Juni: ngozi. Ngozi tena.
Mimi huyu, niliyekata watoto alama
kwa nukta moja iliyopotea.

Mwanangu bado sijamjibu.
Akija Desemba nitamwongezea uji.

Juzi walikuja wakaguzi kutoka makao makuu,
wanaume wawili, kalamu mifukoni, viatu vina tope la kwetu.
Mmoja akashusha kidole ukurasani, polepole,
kama anayetafuta jina lake kwenye orodha ya mtihani.
"Mwalimu, ngoma hapa ni tatu.
Mbona mwaka huu zimekula ngozi kumi na moja?"

Nikavua miwani, nikaipangusa kwa pindo la kanzu.
Dirishani, Kageha alikuwa akipita na mtungi,
anatoka chemchemini.

"Zinapigwa sana," nikasema.